Elizabeth Keckley: Mtumwa aliyenunua uhuru wake kwa sindano na uzi

Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia, akapigwa na kudhalilishwa, lakini mikono yake ilimpatia uhuru na kumfikisha hadi Ikulu ya Marekani. Magauni aliyoshona Elizabeth Keckley hayakuwa na pacha. Hata hivyo, jina lake nusura lifutike kabisa katika historia.

Katika nyanda za juu za Mbulu, kuanzia Tlawi penye ziwa lake hadi Dongobesh na Haydom, na upande wa Hanang hadi Katesh, fundi wa nguo ni mtu asiyekosekana. Huketi kwenye baraza la duka na cherehani yake ya kukanyaga, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akipokea oda za sare za shule, magauni ya kipaimara na nguo za harusi. Mteja hupimwa, vipimo vyake huandikwa kwenye daftari, kisha huambiwa siku ya kurudi. Nguo inayotoka hapo ni yake peke yake. Imekatwa kwa kufuata mwili wake, na hata jirani akinunua kitambaa kilekile, hatapata nguo ileile.

Ufundi huu ulikuwepo hata kabla ya cherehani kufika. Zamani wanawake wa Kiiraqw walishona sketi za ngozi na kuzipamba kwa shanga, na wasichana walitengeneza za kwao walipokuwa wametengwa kwa ajili ya mafunzo ya kuingia utu uzima. Baadhi ya sketi hizo leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya nchi za nje, na watu wa mataifa mengine husimama mbele yake na kustaajabu. Lakini kibandiko kilichowekwa kando ya kazi za namna hiyo mara nyingi hutaja kabila na nchi tu. Jina la msichana aliyechoma shindano moja baada ya nyingine halipo.

Kwa sababu hiyo tumeamua kumtazama fundi mmoja wa mbali, aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita. Naye alishona kwa mikono nguo za kipekee, naye alitoka katika tabaka ambalo majina ya watu wake hayakuandikwa popote ila kwenye orodha ya mali. Tofauti ni kwamba jina lake lilibaki, na safari ya jina hilo kubaki ina mengi ya kumfunza yeyote anayeishi kwa kazi ya mikono yake.

Utoto katika nyumba ya bwana

Elizabeth alizaliwa mwezi Februari mwaka 1818 katika wilaya ya Dinwiddie, jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Mama yake, Agnes, alikuwa mtumwa katika nyumba ya Kanali Armistead Burwell. Ndiye aliyekuwa akiishonea familia nzima nguo, na tofauti na watumwa wengi wa wakati huo, alijua kusoma na kuandika. Kwake yeye ndiko Elizabeth alikojifunza kushika sindano.

Mtu ambaye Elizabeth alimwita baba alikuwa George Hobbs, mtumwa wa shamba jingine, ambaye aliruhusiwa kuja kuwaona mara mbili tu kwa mwaka. Baadaye bwana wake alihamia magharibi na kuondoka naye. Familia hiyo haikuonana tena, ingawa George aliendelea kumwandikia mkewe barua. Elizabeth alikuwa mtu mzima alipoelezwa na mama yake ukweli ambao wengi pale nyumbani walikuwa wakiujua: baba yake mzazi alikuwa Kanali Burwell mwenyewe. Alikuwa mtumwa wa baba yake.

Kazi yake ya kwanza aliianza akiwa na umri wa miaka minne hivi. Alipewa kitoto kichanga cha bwana wake akibembeleze. Siku moja alikitikisa kitanda kwa nguvu mno, mtoto akaanguka chini. Elizabeth, kwa kutojua la kufanya, alichukua sepetu ya kuzolea majivu akajaribu kumwinua nayo. Alitolewa nje akachapwa. Katika kumbukumbu zake alikitaja kipigo hicho kuwa cha kwanza, na hakikuwa cha mwisho.

Alipofikisha miaka 14 alipelekwa kumtumikia Robert Burwell, mtoto mkubwa wa bwana wake, aliyekuwa mchungaji wa kanisa la Presbiteri. Baadaye walihamia Hillsborough, North Carolina. Huko mwalimu mmoja wa shule aliyeitwa Bingham alimwita chumbani kwake akataka kumchapa bila kosa lolote, ili avunje kiburi chake. Elizabeth alikataa kuvua nguo, akapigana naye. Alipigwa vibaya, zaidi ya mara moja, lakini kila mara alipambana. Mwishowe mwalimu yule alishindwa, akalia na kumwomba radhi, na hakumgusa tena.

Liko jeraha jingine ambalo hakulieleza kwa kirefu. Kwa takriban miaka minne mwanamume mmoja mzungu wa mji huo, Alexander Kirkland, alimlazimisha kimwili. Kutokana na unyanyasaji huo alizaliwa mtoto wake wa pekee, aliyemwita George kwa kumkumbuka George Hobbs. Kwa sheria za wakati huo, mtoto wa mwanamke mtumwa alikuwa mtumwa pia, hata baba yake awe nani.

Sindano iliyolisha watu 17

Mwaka 1847 Elizabeth alipelekwa St. Louis, Missouri, pamoja na familia ya Hugh Garland, mwanasheria aliyemwoa binti mmojawapo wa Burwell. Garland ndiye baadaye aliyekuwa wakili upande uliompinga Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani na ambaye kesi yake ilitikisa Marekani nzima.

Lakini mwanasheria huyo hakuwa na fedha. Alipoishiwa kabisa alitaka kumkodisha Agnes, mama yake Elizabeth, ambaye sasa alikuwa mzee, akafanye kazi kwa watu wasiomjua. Elizabeth alikataa. Alijitolea yeye mwenyewe kutafuta kazi, na kazi aliyoijua ilikuwa kushona.

Alibisha hodi kwenye nyumba za matajiri wa St. Louis akaanza na oda chache. Haikuchukua muda wanawake wa mji huo wakaanza kuelezana habari zake. Kwa miaka miwili na miezi mitano, kwa hesabu yake mwenyewe, sindano yake ililisha watu 17, yaani familia ya bwana wake pamoja na watumwa wao. Senti zote zilikwenda kwa Garland. Aliyezitoa hakuwa na haki nazo kisheria.

Ni hapo wazo la uhuru lilipokomaa. Alimwomba Garland amtajie bei ya kujinunua yeye na mwanawe. Mwanzoni Garland alikataa katakata. Siku moja alimpa sarafu ya fedha ya robo dola, nauli ya kivuko cha mto Mississippi, akimwambia kama anataka kuondoka avuke tu, kwani ng'ambo ya pili ilikuwa jimbo la Illinois ambako utumwa haukuruhusiwa. Elizabeth aliirudisha sarafu ile. Alijua njia ya kivuko, lakini hakutaka kuwa mtoro anayeishi akitazama nyuma. Alitaka karatasi ya uhuru yenye muhuri wa sheria. Hatimaye Garland alikubali na kutaja bei: dola 1,200 kwa watu wawili.

Kupatana bei ilikuwa jambo moja, kupata fedha ilikuwa jingine. Mapato yake yote yalikuwa yakilisha nyumba ya bwana. Aliolewa na James Keckley, aliyemwambia kuwa ni mtu huru, lakini baada ya ndoa ikabainika kuwa ni mtumwa na mlevi, akawa mzigo badala ya msaada. Elizabeth akapanga kwenda New York kuchangisha fedha. Familia ya Garland ilitaka wadhamini sita watakaolipa asiporudi. Aliwapata watano. Wa sita alikuwa tayari kutia sahihi, lakini alionyesha wazi kuwa haamini kama mwanamke huyo atarudi. Elizabeth hakuipokea sahihi ya mtu asiyemwamini, akaiacha safari.

Wateja wake ndio waliomwokoa. Mmoja wao, Bibi Le Bourgeois, aliona ni aibu kwa fundi wao kwenda kuomba kwa wageni, akazunguka kwa marafiki zake hadi dola 1,200 zikatimia. Walitaka kumpa fedha hizo kama zawadi. Elizabeth alizipokea kama mkopo. Tarehe 13 Novemba 1855 yeye na George wakawa watu huru. Alibaki St. Louis akashona hadi deni lote likaisha, ndipo akafunga mizigo.

Alishonaje?

Ili kuelewa kwa nini matajiri walimgombania, inafaa tueleze gauni la wakati huo lilivyotengenezwa. Katikati ya karne ya 19 hakukuwa na gauni la maana la kununua limetundikwa dukani. Cherehani ilikuwa changa: Elias Howe alipata hataza yake mwaka 1846 na Isaac Singer mwaka 1851. Mifano ya karatasi ya kukatia nguo kwa saizi mbalimbali, ya Ebenezer Butterick, iliingia sokoni mwaka 1863 tu. Kwa hiyo fundi alikuwa yeye mwenyewe ndiye mfano, saizi na mashine.

Sehemu ngumu ilikuwa ya juu, ile iliyobana kifua na kiuno. Fundi alianza na kitambaa cha bitana, akakifunga mwilini mwa mteja kwa pini, akafuata mabega, makwapa na kiuno, kisha akakifungua na kukitumia kukatia hariri au mahameli. Kosa la upana wa kidole lilitosha kuharibu kitambaa cha bei kubwa, na kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudishwi dukani. Sketi nayo ilikuwa pana mno, ikichukua mita nyingi za kitambaa zilizokunjwa marinda na kushikiziwa kiunoni, zikitandazwa juu ya fremu iliyovaliwa ndani. Mishono mirefu na midogo, mapindo, matundu ya vifungo na lesi, vyote vilipita mkononi.

Sifa ya Keckley ilikuwa katika ukataji. Nguo zake zilimkaa mteja barabara. Wakati mafundi wengi waliongeza riboni, maua na lesi hadi gauni likazidiwa, yeye alipendelea mistari safi iliyofuata umbo, na pambo alilitia mahali lilipohitajika. Hadi leo ukitazama kazi inayohusishwa naye, jicho halikwami kwenye mapambo. Linaona kwanza jinsi kitambaa kilivyotii.

Kutoka Baltimore hadi Ikulu

Mwaka 1860 Elizabeth aliachana na James Keckley akaondoka St. Louis. Alianzia Baltimore, akajaribu kuwafundisha wasichana weusi mbinu yake ya kukata na kupima magauni. Baada ya wiki sita alikuwa hana hata nauli ya kutosha. Akaenda Washington, ambako sheria ilimtaka mtu mweusi aliye huru awe na kibali cha kukaa mjini na mtu wa kuthibitisha kuwa kweli yuko huru. Mteja wake mmoja alimsaidia kupata kibali hicho.

Miezi michache baadaye alikuwa akimshonea Varina Davis, mke wa seneta Jefferson Davis wa Mississippi. Vita vilipokaribia, Bibi Davis alimwomba waende naye kusini. Elizabeth alipima, akaona kaskazini ina nguvu zaidi, akabaki. Jefferson Davis akawa rais wa majimbo yaliyojitenga ili kulinda utumwa.

Kuna tukio moja la baadaye linaloonyesha jinsi nguo ya mkono ilivyo na alama zake. Mwaka 1865, baada ya Davis kukamatwa, katika maonyesho mjini Chicago iliwekwa sanamu yake ya nta ikiwa imevishwa gauni lililodaiwa kuwa alilivaa akijaribu kutoroka. Watu walisongamana kulicheka. Keckley alisogea, akalikagua, akalitambua: ni gauni alilomshonea Bibi Davis kwa mikono yake. Fundi husahau sura ya mteja, lakini mshono wake anaujua.

Abraham Lincoln aliapishwa tarehe 4 Machi 1861. Mkewe, Mary, alikuwa ametoka Illinois na alijua kwamba wanawake wa Washington wanamsubiri wamcheke kama mshamba. Alihitaji fundi haraka. Kupitia mteja mwingine, Keckley aliitwa kwa usaili, akapewa kazi ya gauni la rangi ya waridi kwa ajili ya tafrija ya wiki hiyohiyo. Alilifikisha jioni ya tafrija yenyewe. Bibi Lincoln alikuwa amekwisha kukasirika, akisema limechelewa na hatashuka ukumbini. Keckley alimtuliza, akamvalisha na kumtengeneza nywele. Rais aliingia, akamtazama mkewe na kumsifu. Kazi ikawa yake. Katika majira ya machipuko na mwanzo wa kiangazi cha mwaka huo peke yake alimshonea magauni kama 15 au 16.

Hakuwa mwajiriwa wa Ikulu. Alibaki fundi wa kujitegemea, mwenye karakana yake mjini na wasichana washonaji aliowaajiri na kuwafundisha, huku akiendelea kupokea oda za wanawake wengine. Jambo hili lina uzito. Mwanamke aliyekuwa ameorodheshwa kama mali miaka sita kabla, sasa alikuwa akitoa ajira.

Vifo viwili na chama kimoja

Mwaka huohuo wa 1861 mwanawe George, aliyekuwa amesoma katika chuo cha Wilberforce, Ohio, aliingia jeshi la kaskazini. Weusi hawakuruhusiwa bado kupigana, lakini rangi yake ilikuwa nyeupe kiasi cha kuandikishwa kama mzungu. Aliuawa tarehe 10 Agosti katika mapigano ya Wilson's Creek, Missouri. Elizabeth alimpoteza mtoto aliyemnunulia uhuru.

Mwezi Februari 1862 Willie, mtoto wa Lincoln aliyekuwa na miaka 11, alifariki Ikulu kwa homa. Keckley alisaidia kumwosha na kumvika. Mama hawa wawili, mmoja mke wa rais na mwingine aliyekuwa mtumwa, walifungwa pamoja na msiba, na kuanzia hapo Mary Lincoln alimchukua kama rafiki wa karibu kuliko wote.

Wakati huo maelfu ya watumwa walikuwa wakikimbilia Washington bila chakula, makazi wala nguo za baridi. Kiangazi cha 1862 Keckley alianzisha chama cha kuwasaidia, akichangisha kwenye makanisa ya watu weusi. Aliposafiri na Bibi Lincoln aliitumia safari hiyo kuomba michango New York na Boston. Mary Lincoln alichangia dola 200, na mwanaharakati mashuhuri Frederick Douglass naye alikisaidia chama hicho.

Kofia yenye damu

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 Lincoln alipigwa risasi akiwa ukumbi wa maonyesho, akafariki asubuhi iliyofuata. Mjane alipoulizwa nani aitwe akae naye, alimtaja Keckley. Alikaa naye kwa wiki kadhaa katika chumba chenye giza, kisha akamsindikiza hadi Chicago.

Bibi Lincoln alimwachia kumbukumbu kadhaa, zikiwemo joho na kofia alizokuwa amevaa usiku ule, zikiwa na damu ya rais. Keckley hakuzibakiza kwake. Alizitoa kwa chuo cha Wilberforce, alikosoma mwanawe, ambacho jengo lake kuu liliteketea kwa moto siku ileile Lincoln alipopigwa risasi.

Magauni yaliyokataliwa na kitabu kilichochukiwa

Mary Lincoln alikuwa na madeni makubwa ya nguo na vito. Mwaka 1867 aliamua kuuza magauni yake mjini New York akitumia jina la bandia, akamwita Keckley amsaidie. Keckley alifunga karakana yake akaenda. Mpango ulivuja. Magazeti yalimkejeli mjane wa rais, watu walikuja kuzipapasa nguo zile wakaondoka bila kununua, wengine wakizisema kuwa zimechakaa. Bibi Lincoln alirudi Chicago. Keckley alibaki New York akifuatilia biashara iliyokufa, akijilisha kwa kushona. Ahadi za malipo hazikutimia. Hapakuwa na mkataba, palikuwa na urafiki tu.

Mwaka uliofuata, 1868, alichapisha kitabu cha maisha yake, Behind the Scenes, kupitia kampuni ya G. W. Carleton ya New York. Alieleza utumwa wake, uhuru wake na miaka yake Ikulu, akiamini kwamba watu wakiujua ukweli wote watamwonea huruma Bibi Lincoln na kumwelewa yeye pia. Ikawa kinyume. Mwishoni mwa kitabu zilichapwa barua za siri za Mary Lincoln, na mjane huyo aliona amesalitiwa. Hawakupatana tena. Wazungu wengi walikasirika kwamba fundi mweusi amethubutu kuandika mambo ya nyumba ya wazungu. Kilitolewa hata kijitabu cha kumdhihaki. Baadhi ya wateja walikimbia, na kitabu hakikumpa fedha alizozitegemea.

Tukitazama leo, tunaona kosa na haki vikiwa pamoja. Kuanika barua za rafiki kulimuumiza mtu aliyemwamini. Lakini maisha yaliyosimuliwa yalikuwa yake, na wale waliosema angenyamaza hawakuwahi kumtaka aseme, hata alipokuwa akichapwa.

Mwalimu hadi uzeeni

Keckley aliendelea kushona na kuwafundisha wasichana weusi ufundi wake. Mwaka 1892 alikwenda Wilberforce kuongoza idara ya ushonaji na maarifa ya nyumbani, na mwaka 1893 kazi za chuo hicho zilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago. Afya ilipodhoofika alirudi Washington, akiishi kwa pensheni ndogo aliyopewa kwa sababu ya kifo cha mwanawe vitani. Alifariki tarehe 26 Mei 1907 katika makao ya wanawake na watoto weusi wasio na uwezo, akiwa na umri wa miaka 89. Inasimuliwa kwamba picha ya Mary Lincoln ilikuwa bado ukutani mwa chumba chake.

Jina lililokaribia kupotea

Mwaka 1935 mwandishi mmoja wa habari mjini Washington alidai kwamba Elizabeth Keckley hakuwa ndiye aliyeandika kitabu kile, na kwamba mtu wa namna hiyo huenda hakuwepo kabisa. Alijibiwa na John E. Washington, mtaalamu mweusi wa meno aliyekulia karibu na wazee waliomfahamu Keckley. Alikusanya ushuhuda wa waliosali naye, waliofundishwa naye na waliomwona akishona, akautoa katika kitabu chake cha mwaka 1942. Hata tahajia ya jina lake ilihitaji kusahihishwa: kitabu chake kilichapwa na jina Keckley, ilhali yeye alitia sahihi Keckly. Mwaka 1960 makaburi alimozikwa yalihamishwa kutoka Washington hadi Maryland, na mabaki yake yakawekwa mahali pasipo jiwe lenye jina. Jiwe liliwekwa mwaka 2010, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake.

Katika makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani, yaliyo chini ya taasisi ya Smithsonian mjini Washington, kuna gauni la mahameli ya zambarau alilovaa Mary Lincoln katika msimu wa tafrija wa mwaka 1861 hadi 1862. Lina sehemu mbili za juu, moja ya mchana na nyingine ya jioni, kwa sketi moja. Maelezo yake husema linaaminika kushonwa na Elizabeth Keckley. Neno linaaminika lina sababu. Katika miaka ileile, huko Paris, Charles Frederick Worth alikuwa akishonea jina lake ndani ya nguo alizotengeneza, na kwa hiyo gauni la Worth hujieleza lenyewe. Gauni la Keckley halina utambulisho huo. Ubingwa ulikuwa sawa na wa wengine waliosifiwa, lakini jina lilibaki nje ya nguo.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi wa Manyara. Aliyeshona sketi ya shanga miaka mingi iliyopita hakuwa na njia ya kuacha jina lake. Fundi wa leo anayo. Kipande kidogo cha kitambaa chenye jina na mahali, kikishonewa upande wa ndani wa kola, hakigharimu chochote. Daftari la vipimo linaweza pia kuwa kumbukumbu ya nani alimshonea nani, lini, na kwa makubaliano gani ya malipo. Keckley alilipa deni lake lote kwa waliomkopesha, lakini yeye mwenyewe hakulipwa na rafiki aliyemwamini bila maandishi.

Na kwa mteja anayekwenda kuchukua gauni au shati lake, lipo jambo rahisi. Ukiulizwa njiani nguo hiyo umeitoa wapi, usiishie kusema Tlawi au Mbulu mjini. Mtaje fundi kwa jina.